Dawa Isikatike: Kumuuguza Mwenye Presha na Kisukari Hapa Tanga

Mama yangu aliacha dawa za presha mara tatu, na mara zote sababu ilikuwa ile ile: alijisikia vizuri. "Mwanangu, mwili mwepesi, kichwa hakiniumi, hizi dawa za nini tena?" Mara ya tatu tulimkuta uani alfajiri, hapa kwetu Makorora, kopo la udhu limemtoka mkononi, mdomo umekwenda upande na maneno hayafahamiki. Jirani mmoja akasema huo ni upepo, aitwe mtu amsomee. Tukampakia kwenye bajaji, tukaenda hospitali. Alinusurika. Mguu ulirudi wote, mkono wa kulia ukarudi nusu. Mpaka leo kikombe cha chai anakishika kwa kushoto.

Huu ni mwaka wa nane mimi ndiye mshika faili lake, na katikati ya miaka hiyo kisukari nacho kikaingia. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na wagonjwa wengi, na karibu kila aliyekuja akiwa hoi alikuwa na habari ya pengo: wiki mbili bila dawa kwa kukosa nauli, mwezi mzima kwa kuambiwa dawa zimekwisha, Ramadhani yote kwa kuona haya kumuuliza daktari. Presha na kisukari hutulizwa na dawa isiyokatika. Haya hapa ni ya kumsaidia anayemuuguza mzazi, mume au mke, au anayejiuguza mwenyewe, kuyaziba mapengo hayo.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Nunua daftari dogo lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza andika jina la mgonjwa, umri, magonjwa aliyonayo, dawa zinazomdhuru na simu za ndugu wawili. Ukurasa wa pili andika dawa zote anazotumia: jina la dawa, miligramu zake, mara ngapi kwa siku, saa ngapi.

Usiandike "kile kidonge cheupe". Kiwanda kikibadilika na rangi hubadilika. Mama aliwahi kumeza amlodipini, kidonge cha presha, mara mbili kwa siku, wiki nzima, kwa sababu pakiti ya zamani ilikuwa ya buluu na mpya nyekundu, akadhani ni dawa mbili. Miguu ilivimba hadi kandambili hazimwingii. Maandishi makubwa kwenye pakiti mara nyingi ni jina alilolitoa mtengenezaji. Jina la dawa yenyewe limeandikwa chini yake kwa herufi ndogo, pamoja na miligramu. Hilo dogo ndilo la kunakili.

Kurasa zinazofuata ni za vipimo. Presha ya 140/90 kwenda juu, ikipimwa siku tofauti na ikajirudia, ndiyo inayohesabiwa kuwa ugonjwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au kuzidi, na ikathibitishwa tena, ni kisukari. Kwa aliyekwisha kuanza dawa, wengi hutakiwa wabaki kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Kwa mzee aliye dhaifu daktari anaweza kulegeza namba hizo, maana sukari ikishuka usiku kwa mtu wa miaka 78 anayelala peke yake ni hatari kuliko ikipanda kidogo. Kwa hiyo muulize daktari: "Kwa huyu mgonjwa wangu, tunataka ibaki ngapi?" Jibu liandike kwenye daftari, mbele yake.

Hatua ya 2: Pima sawasawa

Wengi hupimwa presha wakiwa wametoka juani, wamepanda ngazi, wanahema, huku wanajibu simu. Namba hiyo ni ya jua na ngazi. Mkalishe kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, miguu isipishane, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Awe ameshakwenda chooni. Nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Asizungumze. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja na uandike zote.

Sukari nayo: kidole kioshwe kwa maji na sabuni, kikauke. Mtu aliyetoka kumenya embe akipima bila kunawa, mashine inasoma embe. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe mara tu ukitoa kijiti, kwa sababu unyevunyevu wa pwani yetu huviharibu, na tarehe ya kwisha kwake iheshimiwe. Kama huna mashine, zahanati nyingi hupima. Kila baada ya miezi michache omba kipimo cha sukari ya miezi mitatu kama kinapatikana, maana hicho hakidanganywi na mtu aliyejinyima wali siku mbili kabla ya kliniki.

Hatua ya 3: Tengeneza njia ya dawa

Hapa ndipo watu wengi huanguka, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Anza kwa kuhesabu. Siku ya kuchukua dawa, hesabu vidonge ulivyopewa, ugawe kwa matumizi ya siku, uandike kwenye daftari tarehe kidonge cha mwisho kitakapomezwa. Rudi nyuma siku 7. Hiyo ndiyo tarehe yako ya kwenda kutafuta dawa. Siku hizo 7 ndizo zitakazokuokoa ukiambiwa "leo hakuna, njoo Jumatatu", au mvua za masika zikikata barabara, au kukiwa na msiba. Mimi tarehe hiyo nimeiandika kwa mkaa ukutani jikoni, kila mwezi nafuta na kuandika upya, na wajukuu wote wanaijua.

Pili, jua ngazi. Kwa Tanga mgonjwa anaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Watu wanapenda kuruka moja kwa moja kwenda Bombo kwa kuwa ndiko kuna mabingwa, na mwanzo wa ugonjwa ni kweli unahitaji kuonwa kwa kina. Lakini presha ikishatulia, hakuna haja ya kusafiri kila mwezi kwenda kuchukua vidonge vile vile. Shangazi yangu anaishi Mkinga. Kwa miezi mingi alikuwa akipanda gari alfajiri kuja mjini, anashinda foleni, jioni anarudi amechoka, na mwezi akikosa nauli dawa inakatika. Siku moja tulimuomba daktari amwandikie muhtasari: ugonjwa, dawa na dozi, vipimo vya mwisho, na lini arudi kuonwa. Akaupeleka kituo cha afya cha karibu naye. Sasa mjini anakuja mara mbili kwa mwaka. Mengine yote anamaliza huko huko, kwa miguu yake.

Kwa hiyo kwenye kliniki, hata kama foleni ni ndefu na daktari ana haraka, usitoke bila kuomba mambo mawili. La kwanza: "Naweza kuandikiwa dawa za miezi miwili au mitatu?" Mgonjwa aliyetulia mara nyingi hukubaliwa, kama dawa zipo. La pili: "Dawa hii ikikosekana, ipi inaweza kuchukua nafasi yake?" Aandike kwenye cheti. Swali hili la pili limetuokoa mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu dirisha la dawa linapokuambia haipo, daktari ameshaondoka.

Ukiambiwa haipo kabisa, usirudi nyumbani mikono mitupu. Uliza kama zahanati au kituo cha jirani wanayo. Mara nyingine iliyokwisha mjini ipo Pongwe. Kama ni lazima kununua, nenda famasi yenye mfamasia na uoneshe cheti. Duka la dawa muhimu la mtaani lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza, na si kila dawa ya presha au kisukari imo. Mwambie muuzaji jina la dawa yenyewe, siyo la mtengenezaji, utaoneshwa ya bei nafuu yenye miligramu zile zile. Na kama fedha uliyonayo inatosha vidonge vya wiki moja, nunua vya wiki moja. Kuna muuzaji mmoja aliwahi kunikatalia nusu pakiti, akaniambia nichukue yote au niache. Niliondoka nikilia. Famasi ya pili walinikatia bila neno.

Gharama. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zote zimeliweka hilo. Haki hii haimfuati mtu nyumbani, inataka karatasi. Nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa na kitambulisho cha kuonesha umri, pata barua, uliza utaratibu wa kitambulisho cha matibabu cha mzee, na ukifika hospitali tafuta dirisha la wazee. Ukikwama, mlango wa kugonga ni ofisi ya ustawi wa jamii, iliyomo kwenye hospitali kubwa. Hao ndio wenye kazi ya kuangalia msamaha kwa asiyeweza kulipa, hata kama hajafika miaka 60. Nenda kwao kabla ya kupewa bili. Na uingie kwa adabu lakini bila kuona aibu, unachokwenda kuulizia ni haki.

Kwa kaya nyingine, bima. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kwa miaka kadhaa ilikuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na mipango inabadilika, kwa hiyo ulizia ofisi ya kata yako kiwango na masharti ya sasa kabla ya kulipa. Ujue tu kwamba bima hizi hufuata ngazi: ukienda juu bila barua ya rufaa unaweza kudaiwa fedha. Jiunge mkiwa wazima, kabla ya kuumwa.

Hatua ya 4: Dawa ikishafika nyumbani

Funga dawa kwenye jambo ambalo halikosi kufanyika. Kwetu ni swala. Za asubuhi ziko kando ya msala wa alfajiri, za usiku baada ya isha. Jirani yetu Mkristo amezifunga kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Chochote, mradi kisikose. Metfomini, kidonge cha kisukari, imezwe pamoja na chakula au mara baada ya kula, la sivyo tumbo litasumbua na mgonjwa ataisusa. Dawa ya kukojosha imezwe asubuhi, siyo usiku, asije akaanguka akikimbilia choo gizani.

Dawa ikimletea madhara, usiiache kimyakimya. Kikohozi kikavu kisichokwisha kwa anayetumia kaptopurili au enalapurili za presha ni jambo linalojulikana, na daktari ana dawa nyingine ya kubadilisha. Miguu kuvimba kwa amlodipini vilevile. Nenda ukaseme.

Jihadhari na dawa za maumivu. Wazee wetu wanapenda diklofenaki na ibuprofeni kwa magoti, wananunua dukani kama pipi. Dawa hizi hupandisha presha na huumiza figo, na figo za mgonjwa wa kisukari tayari ziko kwenye mtihani. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi. Na mitishamba: uwatu, mlonge, mdalasini. Sikatazi kinywaji cha bibi, ila uwatu unaweza kushusha sukari, na ukichanganywa na dawa ya hospitali inaweza kushuka kupita kiasi. Mwambie daktari unachokunywa. Hapaswi kukufokea, na hata akikufokea umwambie tu.

Insulini na joto la Tanga

Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na kisiguse barafu. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kilichofunguliwa kinaweza kukaa nje ya friji takriban siku 28, mahali pasipozidi nyuzi 30 au chini ya hapo kama karatasi yake inavyosema. Andika kwenye kichupa tarehe uliyokifungua.

Kwa asiye na friji, kuna mtungi. Chukua chungu kikubwa kisichopakwa rangi, weka mchanga ndani, zamisha chungu kidogo katikati, lowesha mchanga kwa maji asubuhi na jioni. Kichupa kikae ndani ya chungu kidogo kikiwa kikavu, ndani ya mfuko, kisielee majini. Funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Mtungi hupoa kwa maji yanayokauka kwenye kuta zake, na hapa kwetu miezi ya joto kabla ya masika hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, kwa hiyo haupoi kama wa mtu wa Dodoma. Ndiyo maana upepo ni lazima. Kama una jirani mwenye friji, vichupa vya akiba vikae kwake, na kile kinachotumika ndicho kikae mtungini.

Insulini nyeupe kama maziwa ibingirishwe taratibu kati ya viganja mara kumi au zaidi, isitikiswe. Iliyo safi kama maji ikiwa na ukungu, itupe. Sehemu ya kuchoma ibadilishwe kila siku, tumboni na mapajani. Mama alizoea sehemu moja ya paja kwa kuwa haiumi tena, pakafanya kinundu, na sukari ikawa inapanda bila sababu. Ndani ya kinundu insulini hainyonywi vizuri. Tulipohamia upande mwingine muuguzi alitutahadharisha tupime mara kwa mara, maana dawa ile ile ilianza kufanya kazi kweli.

Hatua ya 5: Sahani

Sitamwambia mtu wa Tanga aache wali wa nazi. Nitamwambia apime. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, tembele, mchunga, bamia. Robo iwe samaki au maharage. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali, muhogo au chapati, kiasi cha ngumi ya mlaji. Watu wanaambiana kwamba dona halipandishi sukari. Linapandisha, ila polepole kuliko sembe. Chungwa la Muheza lile, moja, na nyama zake. Juisi yake ni machungwa manne yaliyoingia kwa pamoja.

Kwa presha, adui yuko kwenye ng'onda na papa, samaki wakavu wa chumvi. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Kipande cha papa peke yake kinaweza kukimaliza. Akitamani, loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, na mchuzi usitiwe chumvi. Ndimu na pilipili hufidia. Mwili uchangamshwe nusu saa siku nyingi za wiki. Kutembea kwa miguu hadi sokoni kunatosha.

Hatua ya 6: Ramadhani

Maandalizi yaanze wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Mpeleke kliniki na swali moja: "Huyu afunge au asifunge, na akifunga dozi zikae vipi?" Anayetumia insulini mara kadhaa kwa siku, mwenye figo mbovu, mjamzito mwenye kisukari, na aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka katika miezi ya karibuni, hao wako kwenye hatari kubwa. Mama alilia alipoambiwa asifunge. Ostadhi wetu alimsomea aya ya Sura ya Baqara inayompa mgonjwa ruhusa, akamweleza fidia ya kulisha maskini, na tangu hapo kila siku ya mwezi anapika sahani moja ya ziada na kuitoa mwenyewe mlangoni.

Aliyeruhusiwa kufunga asijipangie dozi. Glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na insulini za kabla ya daku hasa zinaweza kumwangusha mchana. Daku lisogezwe karibu na alfajiri, liwe na maharage au mayai, lisiwe chai na mkate tu. Apime sukari mchana. Wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kidoleni halibatilishi funga. Ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, afungue hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Futari ianze kwa tende moja hadi tatu na maji. Kaimati mbili zitamtosha.

Hatua ya 7: Miguu

Kila usiku, kwa taa, angalia nyayo na kati ya vidole. Kisukari hufisha hisia, mtu anakanyaga msumari asijue. Baada ya udhu akaushe kati ya vidole. Asitembee peku, asijikande miguu kwa maji ya moto bila mtu mwingine kuyajaribu kwa kiwiko. Kidonda kidogo kinapelekwa hospitali siku ile ile, siyo kutiwa unga wa vidonge vya antibayotiki. Mara moja kwa mwaka aangaliwe macho kwa undani, na mkojo na damu vipimwe kuona hali ya figo.

Hatua ya 8: Wakati wa kukimbia

Sukari ikishuka: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kukasirika au kuongea ovyo. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, kisha ale. Kama amezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na umkimbize.

Uso umepinda, mkono umelegea, maneno yamevurugika: hicho ni kiharusi, tazama saa, andika dalili zilianza lini, nenda. Kama ni upepo, utasomewa hukohuko hospitali. Kifua kubana, kukata pumzi, au homa na kutapika kwa mwenye kisukari, vilevile. Na hata kama hali kitu, insulini isisimamishwe bila kumuuliza daktari.

Nyuma ya mlango wetu unaning'inia mkoba wa kitambaa. Ndani mna daftari, kadi ya kliniki, kitambulisho cha mzee, barua ya mwisho ya daktari, dawa za siku tatu, sukari iliyofungwa kwenye karatasi, khanga mbili na nauli ya bajaji ambayo hairuhusiwi kuguswa kwa lolote, hata umeme ukikatika. Kila Ijumaa baada ya swala nauhesabu upya, na mama anakaa kwenye mkeka ananisomea orodha kwa sauti.